Namba ya Uongo ya Bi Koili

Bi Koili hakuwahi kutaja bei yake ya kweli mara ya kwanza, wala hakuona aibu kwa hilo. Mteja akiuliza mota yake itasukwa kwa kiasi gani, alitaja kitu cha juu, akanyamaza, akaendelea kufuta vidole kwa kitambaa kana kwamba hakuna aliyesema neno. Mteja alishtuka, akataja cha chini, wakavutana, wakakutana katikati. Na katikati hapo ndipo Bi Koili alipokuwa amekaa akimsubiri tangu mwanzo. "Anayemwaga ukweli wake wote asubuhi," alipenda kusema, "mchana atauza nini?"

Ufundi wenyewe aliupata kwa mapatano. Zamani alikuwa mnunuzi wa shaba chakavu, anazunguka na gunia na mizani ya mkono. Mjomba wake, kaka wa mama yake, alikuwa fundi wa kusuka mota, na kila mota iliyoungua ilimwachia waya mweusi wa kuuza. Siku moja binti akamwambia, "Mjomba, nitakuwa nakutolea waya ulioungua bila malipo, mota zote, ila uniache nikae hapa ukisuka." Mjomba akaona amepata kibarua wa bure. Binti akaona amepata shule ya bure. Mpaka leo kila mmoja anaamini kwamba ndiye aliyemzidi mwenzake akili.

Kazi hiyo kuieleza si ngumu. Ndani ya mota kuna chuma cha mviringo chenye mifereji kwa ndani, na kwenye mifereji hiyo hulazwa koili za waya wa shaba. Waya ukiungua, fundi anautoa, anahesabu raundi za kila koili, halafu anasuka mpya kwa hesabu ileile. Raundi zikizidi, mota inakuwa mvivu. Zikipungua, inakunywa umeme kama mlevi na kujichemsha yenyewe hata ikiwa haina mzigo. Kila kitu kimo kwenye namba. Ndiyo maana kila fundi wa mota ana daftari, na daftari hilo analificha kuliko anavyoficha umri wake.

Mjomba alipochoka kuinama alimwachia mpwa wake karakana na daftari lake la jalada la kijani. Bi Koili alilivika mfuko wa plastiki, akaliweka chini ya kabati la chuma analokaushia vanishi. Hata mumewe, mshona viti ambaye chumba chake cha kazi kilitenganishwa na cha mkewe kwa mlango usio na kitasa, alikuwa hajawahi kuliona likiwa wazi.

"Mke wangu," alimwambia mara moja, misumari ikiwa bado mdomoni, "siku ukifa tutakuzika nalo hilo?"

"Utauliza bei kwanza," akajibu Bi Koili.

Sasa, mwaka mmoja ikaja mota ya Mwenye Mashine.

Mwenye Mashine alikuwa mama mmoja mpana, mwenye mashine tatu za kusaga nafaka, na unga kwenye nyusi tangu asubuhi hadi jioni. Mota yake iliungua, akaipeleka kwa fundi wa njia panda. Huyo fundi akatoa waya wote, akauza shaba, kisha akasema mgongo unamuuma hawezi tena kuinama. Mota ikafika kwa Bi Koili ikiwa tupu kama chungu kilichooshwa. Hapakuwa na koili ya kuhesabu.

Bi Koili hakutetereka. Alifunga mlango, akatoa daftari, akafungua ukurasa wa mashine za kusaga, akaikuta mota yenye kibati kilekile cha vipimo: raundi thelathini na nne, waya wa pointi tisa, yaani unene wa milimita sifuri nukta tisa. Akasuka. Koili zilipolala kwenye mifereji zilibaki zikicheza kidogo, akazibana kwa karatasi ngumu. Mita ilipoonyesha kwamba mota inavuta umeme mwingi kuliko kawaida, akasema umeme wa mtaa huu una wazimu. Aliiamini karatasi ya mjomba kuliko mita aliyoishika kwa mkono wake mwenyewe.

Ilidumu siku nane ikaungua. Akaisuka tena kwa gharama yake, namba zilezile. Ikadumu siku tano.

Mwenye Mashine alikuja mwenyewe, hakutuma mtu. Alisimama mlangoni akaziba mwanga wote.

"Fundi, mimi na wewe tumejuana siku nyingi."

"Tumejuana, mama."

"Ukinidai huwa nalipa?"

"Unalipa. Baada ya kelele, lakini unalipa."

"Basi sikiliza. Kwangu watu wanapanga foleni na ndoo zao tangu alfajiri. Foleni haina kazi nyingine ila kusema watu. Wiki hii nimewaambia mota inatengenezwa. Jumamosi ijayo ikiwa haijasimama mahali pake, nitawaambia imetengenezwa na nani." Akashusha sauti, jambo lililokuwa baya kuliko kelele. "Na mota zangu mbili nyingine zitapita hapa mlangoni kwako zikienda kwingine. Utazipungia mkono."

Alipoondoka, mshona viti alichungulia. "Amekuapiza?"

"Amenipa tarehe," akasema Bi Koili.

Alikuwa tayari ameisuka mara ya tatu. Mota ilikuwa mezani, nzuri, ina harufu ya vanishi mpya, naye aliiogopa. Aliiwasha bila mzigo, akaweka kiganja juu ya mwili wake. Dakika kumi, ikawa vuguvugu. Dakika ishirini, alihesabu hadi kumi akaondoa mkono. Akaizima kabla haijaanza kunuka. Mota isiyosaga hata punje moja ilikuwa inachemka kama inasagia mji mzima.

Hapo ndipo alipoifikiria blogu aliyokuwa akiisoma.

Ilikuwa blogu ya fundi mmoja mstaafu anayejiita Mzee Chuma, anayeishi Bi Koili hajui wapi. Kila wiki Mzee huyo aliweka picha za mota zilizofunguliwa, akaeleza iliungua kwa nini, ikasukwa vipi, na mwisho aliandika sentensi moja isiyobadilika: mota haisemi uongo. Bi Koili alikuwa akiisoma kwa miaka miwili, kila siku mchana, akila huku simu imeegemezwa kwenye kopo la vanishi. Humo alijifunza kukausha koili vizuri na kufunga nyuzi kwa fundo lisilolegea. Lakini alikuwa hajawahi kuandika hata herufi. Alisoma maneno ya chini, ambako wasomaji huacha maoni yao, kama mtu anayesikiliza mapatano ya duka la jirani. Wengi waliandika asante mwalimu, ubarikiwe mwalimu. Mara moja Mzee Chuma alikasirika, akawajibu wote kwa pamoja: "Asante zenu nimeshiba. Nileteeni maswali, nileteeni mota zilizowashinda. Mnadhani mimi nilijulia wapi?"

"Muulize," alisema mumewe siku hiyo ya mota kuchemka, akiwa ameinamia kiti cha miguu mitatu.

"Nikiuliza, wote watajua kwamba sijui."

"Wote nani? Kuna anayekujua huko?"

"Mtu akijua kwamba huna, anakupandishia bei."

Mshona viti alitema msumari kiganjani ili aseme vizuri. "Mama watoto, kwa huyo mzee umekula miaka miwili, hujapiga hata hodi. Mficha uchi hazai."

Bi Koili akaosha mikono, jambo analolifanya akiwa na shughuli kubwa tu, akaandika maoni yake ya kwanza. Pa kuweka jina aliandika Mpita Njia. Maneno yake yalikuwa haya: "Mota ya mashine ya kusaga inachemka bila mzigo. Tatizo nini?"

Jibu lilikuja kabla hajamaliza kula. "Karibu, Mpita Njia. Mgonjwa anaumwa, daktari hajaonyeshwa. Mifereji mingapi? Raundi ngapi? Waya gani?"

Bi Koili akasukuma sahani. Raundi! Yaani aweke namba ya daftari la mjomba hadharani, kila mpita njia wa kweli aichukue? Akaandika: "Kwani wewe mota kama hiyo huwa unaisuka raundi ngapi?"

"Sijaiona, nitajuaje? Taja ya kwako."

"Taja wewe kwanza, mwalimu, nami nitataja."

"Mpita Njia, unauza au unaumwa?"

Chini yake watu watatu wakaweka alama za kicheko. Bi Koili akaona joto la masikio. Akafikiri kama anavyofikiri siku zote mezani kwake: mtu asiyetaja kitu hapati kitu, lakini hakuna sheria inayosema kinachotajwa kwanza kiwe ndicho. Akaongeza kumi. Aliandika kwa kidole thabiti, bila kupepesa: "Mifereji thelathini na sita. Waya pointi tisa. Raundi arobaini na nne."

Akaiweka simu chini, ameridhika. Ametoa na hajatoa.

Jioni Mzee Chuma alimjibu kwa urefu na kwa upole. Kwa chuma cha mota ya ukubwa huo, alisema, arobaini na nne ni namba njema, na waya wake ni huohuo. Kwa hiyo kosa haliko kwenye koili. Aangalie vitu vitatu: beringi zisiwe zimekaza, rota, kile kiini cha ndani, isiwe inagusa chuma ikizunguka, na umeme unaoingia usiwe umezidi kipimo.

Bi Koili alifanya kazi siku mbili. Alinunua beringi mpya, akamkaba muuza vipuri kwa bei mpaka akaapa hatamuuzia tena, kisha akamuuzia. Alipaka rota masizi ya mshumaa, akaizungusha, akaangalia kama yamekwaruzwa, hayakukwaruzwa. Alipima umeme wa mtaa asubuhi, mchana na jioni, na umeme ambao alikuwa ameusingizia wazimu ulikuwa na akili zake timamu. Akaifunga mota, akaiwasha, akaweka kiganja.

Kumi. Akaondoa mkono.

Ilikuwa Alhamisi. Alirudi kwenye blogu na hasira, akaandika bila kupatana: "Nimefanya yote matatu. Inachemka vilevile. Ushauri wako umenila siku mbili."

Safari hii aliyejibu hakuwa Mzee Chuma. Alikuwa mtu anayejiita Mama Vanishi, ambaye Bi Koili alishamwona mara nyingi huko chini akiuliza maswali mafupi makavu. "Pole, fundi mwenzangu. Hebu nikuulize kitu kidogo. Ulipolaza koili, zilijaa mfereji au zilibaki na nafasi?"

Swali lilikuwa dogo kweli, halikugusa namba yoyote. Bi Koili alilijibu kwa ukweli kwa sababu hakuona ubaya wake. "Zilibaki na nafasi. Nilizibana kwa karatasi."

"Karatasi nyingi?"

"Mikunjo mitatu kila mfereji."

Ukapita muda wa kama robo saa. Bi Koili alikuwa anafagia vipande vya waya simu ilipolia.

"Fundi mwenzangu," aliandika Mama Vanishi, "mimi nimesuka chuma kama hicho. Raundi arobaini na nne za pointi tisa zinajaa mpaka unasukuma kwa kijiti na kumwita jirani. Karatasi mikunjo mitatu haiwezi kupata mlango wa kuingilia. Hiyo arobaini na nne umeitoa wapi?"

Na chini yake Mzee Chuma: "Ninyi wote mmesikia. Hapa kuna mwongo mmoja, na mota haisemi uongo."

Bi Koili alikaa kwenye kigoda. Katika maisha yake alishanaswa akipunguza mizani, akajitetea na kushinda. Alishanaswa akisema beringi ni mpya, akasema mpya kwake. Lakini hapa hapakuwa na uso wa kuutazama wala kelele ya kujifichia. Maneno yake yalikuwa yamelala pale, yameandikwa, na kila aliyepita aliyasoma. Mota nayo mezani, bado ina joto.

"Nimenaswa," alimwambia mumewe kupitia mlangoni.

"Na nani?"

"Na mtu aliyeuliza kuhusu karatasi."

Mshona viti alicheka mpaka akaketi juu ya sponji. "Nilijua! Umewatajia bei ya kwanza!"

"Cheka taratibu, mota ina homa."

Angeweza kuizima simu. Mpita njia akipita, nani atamfuata? Alilifikiria hilo kwa makini, kama mfanyabiashara. Akipita, ana mota inayochemka na Jumamosi iko mlangoni. Akisimama, ana aibu ambayo hailipiwi kodi. Akaandika: "Ni kweli, niliongeza kumi. Sikutaka kutoa namba ya daftari letu. Kwenye daftari ni thelathini na nne, na ndivyo nilivyosuka, ikaungua mara mbili. Mnisamehe kwa siku mlizopoteza, zangu nimeshazilipia."

Mzee Chuma hakumkemea. Alimwambia achukue rula, apime urefu wa chuma na upana wa tundu lake, amletee vipimo vya kweli, "na rula isiongeze kumi." Alipovipata akamwonyesha, hatua kwa hatua, jinsi ya kutoka kwenye chuma mpaka kwenye raundi bila daftari la mtu yeyote: hiki zidisha kwa hiki, gawa kwa hiki. Mama Vanishi akaingilia kusahihisha hatua moja ambayo Mzee mwenyewe aliiruka, Mzee akanung'unika, akakubali. Bi Koili alifuata kwa penseli ya seremala juu ya ubavu wa boksi la vanishi. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu akapata arobaini na tatu na kitu.

Akaitazama hiyo namba kama mtu aliyekutana na mkopeshaji wake msikitini.

"Yaani ni arobaini na nne," aliandika.

"Arobaini na nne," akajibu Mzee Chuma. "Uongo wako ulikuwa sahihi, Mpita Njia. Ni ukweli wako ndio uliounguza mota mara mbili."

Vicheko vilivyofuata vilikuwa vingi, na cha ajabu Bi Koili alikuwa mmoja wao. Lakini alivaa viatu, akaenda kwa mjomba mtaa wa pili.

Mjomba alikuwa sebuleni, redio iko juu kama harusini, anakata kucha.

"Mjomba, ile mota ya mashine za kusaga, yenye mifereji thelathini na sita, ni raundi ngapi?"

"Arobaini na nne," akasema mjomba bila kuinua macho.

"Daftari linasema thelathini na nne!"

"Ndiyo. Daftari linasema hivyo."

Bi Koili akapunguza redio mwenyewe. "Mjomba."

"Ukurasa ule ulikuwa ndio unaonilisha. Kila namba niliipunguza kumi. Daftari likiibwa, mwizi akaunguze mota za watu mpaka ahame."

"Na mimi je?"

"Wewe hukuiba. Nilikupa."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mjomba akamwangalia kwa mshangao wa kweli. "Hukuuliza."

"Nimekaa na wewe miaka sita!"

"Miaka sita, mama, hukuwahi kuniuliza jambo. Ulikuwa unapatana tu. Nikafikiri, huyu damu yangu, ataongeza kumi mwenyewe."

Bi Koili akairudishia redio sauti yake. Kumi aliiongeza, ndiyo. Kwa watu baki.

Ijumaa alitoa shaba yote mpya, akasuka upya. Raundi arobaini na nne zilikataa kuingia, zikabembelezwa, zikasukumwa kwa kijiti, na kwenye mfereji wa mwisho akamwita jirani, yaani mumewe, aje ashikilie upande wa pili huku amekunja uso kama anashika mtoto wa mtu. Karatasi ya kubania haikuhitajika hata ukucha. Mita iliposimama mahali inapopaswa kusimama, Bi Koili hakusema lolote kuhusu umeme wa mtaa.

Jumamosi foleni ilikuwa mpaka barabarani. Mota ilifungwa, mkanda ukavutwa, mashine ikaanza kunguruma, unga ukatoka. Bi Koili alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa saa nzima, kisha akaweka kiganja juu ya mota, akahesabu hadi kumi, akaendelea, akafika sitini, akachoka kuhesabu. Mwenye Mashine naye akaweka mkono wake. Ukaacha alama ya unga.

"Hii baridi," alisema, "kama salamu ya mkwe."

"Nilikwambia itasimama."

"Hukuniambia kitu, ulikuwa unatetemeka." Akageukia foleni, akapaza sauti mpaka mwisho: "Haya, sogezeni ndoo! Mota imetengenezwa na huyu hapa." Kisha, kwa upande wa mdomo: "Na ile ya pili inapiga kelele na kunuka kuungua. Njoo uichukue kabla sijabadili mawazo. Na bei yako ya kwanza usinitajie, anza na ya tatu."

Mzee Chuma naye alikuwa na dai lake. Bi Koili alipoandika kwamba mota imepona na kuuliza afanye nini kama shukrani, jibu lilikuwa fupi: "Weka hapa ukurasa mzima wa daftari lenu."

"Mota tatu," akaandika Bi Koili.

"Ukurasa."

"Tano, mwalimu, na nyingine nitaziweka mwakani."

"Mpita Njia."

Aliuweka. Mota kumi na moja, kila moja akiwa ameirudishia kumi yake. Mumewe alimkuta anaandika, akauliza kama anaumwa. "Siumwi," akasema. "Namba kumi na moja zilizofungiwa zimenila shaba ya mota mbili. Zikikaa nje angalau zina mtu wa kuzitazama."

Haikupita wiki, mtu mmoja asiyejulikana na yeyote aliandika pale chini: "Hiyo ya saba nimeisuka mara nne. Ni thelathini na nane, si arobaini na nane." Bi Koili akampigia mjomba, akasubiri redio ipunguzwe.

"Ya saba?" mjomba akafikiri. "Aa, ile nilisahau kuipunguza."

Mota ya saba ilikuwa ndiyo ile ya pili ya Mwenye Mashine, iliyokuwa tayari mezani, imeshatolewa waya wake ulioyeyuka na kushikamana kiasi cha kutohesabika, inasubiri kusukwa Jumatatu. Bi Koili alikata simu. Kisha akamwandikia yule mtu asiyejulikana maneno ambayo hajawahi kumwandikia mtu: asante, pamoja na maelezo yote ya kwa nini, ili asiishie kusema asante tu.

Tangu hapo huandika kila siku, mchana, simu ikiwa imeegemea kopo. Anauliza, anajibu, anabishana na Mama Vanishi kuhusu ukaushaji kiasi kwamba mara moja walisusiana siku mbili, wakarudiana kwa swali la beringi. Kabati la vanishi amelisogeza. Daftari la kijani liko juu ya benchi, limefunguka, lina alama za vidole vya grisi na kalamu nyekundu.

"Mpita njia gani huyu anayekaa?" mumewe humuuliza. "Badilisha jina."

"Jina halili chakula. Liache."

Juzi akaja mgeni kwenye blogu, hakuweka hata jina. Aliandika kwamba ana mota ya pampu inayochemka, mifereji ishirini na nne, raundi sitini kamili, na anataka kujua tatizo haraka kwa sababu mgongo hauruhusu kukaa sana mezani. Mzee Chuma alikuwa hajaamka, au alikuwa anakunywa chai. Bi Koili alisoma mara moja, akatabasamu, akamwita mumewe aje aone.

"Ni yule wa njia panda?" akauliza mshona viti.

"Sijui, wala sina shida naye. Lakini sitini kamili! Huyo hata kudanganya hajajifunza."

Akafuta vidole, akaandika: "Karibu, fundi. Ulipolaza koili, zilijaa mfereji au zilibaki na nafasi?"

Jibu lilikuja haraka: "Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu nina haraka kama wewe," aliandika Bi Koili, akavuta kigoda karibu. "Taja namba yako ya kweli, tuanzie hapo."